Safari ya Rangwi na Habari ya Uzito wa Mwili

Mtu atokaye Tanga akaishika barabara kuu iendayo Moshi, akapita Muheza, Segera na Korogwe, hufika Mombo, mji mdogo wenye joto ulio chini ya ukuta wa milima ya Usambara. Hapo ndipo njia igawanyikapo. Mwenye haja za Moshi na Arusha huendelea mbele katika tambarare, na mwenye haja za Lushoto hukata kulia akaanza kupanda. Kutoka Mombo hata Lushoto ni kilomita 33, na katika mwendo huo mfupi gari huinuka kiasi cha mita 1,000, likipinda huku na huku kando ya bonde, likapita Soni penye maporomoko ya maji, hata joto likageuka baridi na abiria wakaanza kutafuta makoti yao. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliupenda mji wa Lushoto kwa baridi yake, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Jina hilo limekwenda zake pamoja na wenyewe, na baridi imebaki.

Lakini Lushoto si mwisho wa Usambara. Wengi wa watu wa pwani wakishafika hapo, wakanunua peasi na plamu na kupiga picha, hudhani kwamba wameiona milima. Nyuma ya mji huo, kupita msitu wa Magamba wakaamo mbega weusi wenye mikia meupe, kupita soko la mboga la Lukozi, iko nchi nyingine ya mabonde na vilele, na ndani yake ndimo ulimo Rangwi. Njia ya miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae, iliyo ukingoni mwa milima, yapita huko, na aghalabu wasafiri huigawa kwa siku tatu: siku ya kwanza hulala Lukozi, ya pili Rangwi, na ya tatu hufika Mtae. Njia hiyo ndiyo tuliyoifuata mwezi wa Juni, masika yalipokwisha, nasi tulikuwa watu watatu: mimi, kijana wa Lushoto aliyetuongoza, na mwenzangu mmoja wa Tanga ambaye kwa ajili yake ndiyo maana nimeandika khabari hizi katika gazeti la nyumbani, wala si katika kitabu cha watalii.

Mwenzangu huyo, ambaye jina lake nitalihifadhi ijapokuwa amenipa ruhusa ya kusimulia mambo yake, ni mtu wa miaka 46, mwenye duka la nguo, mwenye mke na watoto wanne, na mwenye uzito wa kilo 112. Kwa muda wa miaka mingi uzito huo haukumsumbua mtu yeyote. Bali ulikuwa ni fakhari. Sisi watu wa pwani, ndugu msomaji, tunazo lugha mbili za kusalimiana: mtu aliyeongezeka mwili twamwambia, "Mashaallah, umenawiri," na aliyepungua twamuuliza kwa sauti ya chini, "Una nini?" Bibi arusi huwekwa ndani apate kujaa na kung'aa. Mume akinenepa, sifa humwendea mkewe. Na katika miaka ya 1980 na 1990, ugonjwa wa ukimwi ulipoingia majumbani na kuwakausha watu machoni petu, kukonda kukawa tuhuma, na mtu mwenye afya yake aliogopa kupungua hata kilo tatu asije akasemwa mtaani. Basi atakaye kupunguza uzito pwani yetu hashindani na tumbo lake tu, bali hushindana na salamu za majirani.

Mambo yalibadilika kwa huyu mwenzangu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kaka yake mkubwa, aliyekaa na maradhi ya sukari miaka kumi na kitu bila ya kuyashughulikia sana, hata kidonda kidogo cha kidole kikapanda, na mwisho akakatwa mguu chini ya goti. Mwenzangu ndiye aliyemshika bega kaka yake siku ya kwanza ya kujifunza kutembea kwa magongo. Ya pili ni kwamba yeye mwenyewe aliandikisha jina lake kwenda Hijja pamoja na mama yake mzazi, na daktari aliyempima akamwambia maneno mawili: kwamba sukari yake imefika mpakani, na kwamba kwa pumzi alizo nazo haoni atamsukumaje mama yake Makka wakati yeye mwenyewe atahitaji kusukumwa.

Maneno hayo yalimwingia. Kwani ibada ya Hijja ni ibada ya roho na ya miguu pia. Kusai baina ya Safa na Marwa ni safari saba, na kila moja ni kiasi cha mita 450, jumla yake yapita kilomita tatu. Na kabla yake kuna kutufu mara saba. Kisha kuna Mina, na Arafa, na Muzdalifa, na joto, na msongamano wa watu. Wapo waliomwambia, "Usijitaabishe, viti vya magurudumu viko." Ni kweli viko, na sharia ni nyepesi kwa asiyeweza, Bibi Ummu Salama, Mungu amwie radhi, alipokuwa mgonjwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimruhusu kutufu akiwa juu ya mnyama. Lakini jawabu la mwenzangu lilikuwa hili: "Yule alizuiwa na ugonjwa. Mimi nimezuiwa na sahani." Akaniomba nimpeleke mahali penye kupanda na kushuka apate kuujua mwili wake kabla ya kwenda kuaibika mbele ya mama yake. Nikamwambia, twende Rangwi.

Kabla ya kuianza njia, yafaa niseme neno ambalo wenye kuandika juu ya jambo hili hulisahau. Si kila mnene ni mlafi, wala si kila mwembamba ni mwenye kiasi. Kuna unene wa kurithi, kuna unene wa maradhi, kuna wa uzazi, na kuna wa dawa ambazo mtu hana budi kuzinywa. Kumcheka mtu kwa umbo lake ni haramu kwa dalili iliyo wazi katika Sura ya Al-Hujurat, na wenye kucheka huko misikitini na mashuleni na wajue wanachokifanya. Nizungumzalo mimi ni lile lililo mkononi mwa mtu mwenyewe.

Siku ya kwanza, tangu Lushoto hata Lukozi, ilikuwa ngumu kupita tulivyotazamia. Msitu wa Magamba ni kivuli kitupu, na njia yake ni laini kwa majani yaliyooza, lakini yapanda. Kila baada ya dakika kumi mwenzangu alisimama akashika kiuno, na yule kijana wetu, mwenye adabu nyingi, kila mara alipata sababu ya kutuonyesha mti au ndege ili mzee apumzike bila ya kuona haya. (Adabu hii ya Wasambaa nimeiona mara nyingi, na sijui kama sisi wa pwani, pamoja na kujisifu kwetu kwa ustaarabu, tungeifikiria.) Wanawake walitupita wakiwa na mizigo ya kuni vichwani, wakatuamkia "Onga mshi," wakaendelea na kilima wakizungumza. Mwenzangu aliwatazama mpaka wakapotea, asiseme kitu.

Lukozi tulifika jua likiwa limeegemea. Ni mahali pa biashara, penye malori yanayopakia kabichi, karoti na viazi vya kupelekwa Tanga na Dar es Salaam. Na katika maduka yake soda na biskuti vimepangwa juu mpaka darini. Tuliingia msikiti mdogo kusali. Mwenzangu tangu miaka miwili husali akiwa juu ya kiti, kwa kuwa magoti yake hayabebi mwili katika kusujudu na kuinuka. Katika msikiti ule kiti hakikuwapo. Si kwamba walisahau kukiweka; kiti hakijahitajiwa na mtu. Wazee wa pale, na baadhi yao walikuwa wametimiza miaka sabini, walikwenda sijida na kuinuka kama vijana. Kijana mmoja alitoka mbio akarudi na kigoda cha jikoni kwao, na mwenzangu akasali juu ya kigoda kile kifupi, mlangoni. Usiku ule ndipo aliposema neno la kwanza la maana: "Nimesoma makala mengi juu ya kupunguza mwili. Hakuna iliyonieleza kama kile kigoda."

Nami naona ni kweli. Watu wengi husema kwamba wamekosa maarifa, na maarifa yamejaa tele. Kila mtu ajua kwamba chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vipatavyo vinane au tisa. Kila mtu ajua kwamba maandazi hayaendi bure. Kinachokosekana ni ile azma inayomfanya mtu aache sahani ikiwa bado ina ladha. Na azma hiyo haiuzwi, wala haiamrishwi.

Juu ya hili la kuamrishwa, milima hii ina tarikhi yake. Siku ya pili, tukitoka Lukozi kwenda Rangwi, njia ilipita kando ya mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi katika miteremko, na kila ngazi imepandwa ukingoni majani marefu ya guatemala ya kuzuia udongo. Nilimweleza mwenzangu kwamba Waingereza walipotawala waliona udongo wa milima hii ukichukuliwa na mvua, wakaanzisha mpango wa kuuhifadhi, kwanza Mlalo mwaka 1946, kisha katika miaka ya 1950 Usambara kwa jumla. Watu waliamrishwa kulima matuta ya namna maalumu katika miteremko mikali, na asiyelima alipelekwa barazani akatozwa faini. Kwa kuwa jembe huko liko zaidi mikononi mwa wanawake, kazi iliwaangukia wao. Elimu ya mpango ule haikuwa ya uwongo, maana udongo kweli ulikuwa ukipotea. Lakini wenyewe hawakuutaka, wakaona ni taabu iliyotoka kwa mtu mwingine kwa faida ya mtu mwingine. Ukawaudhi watu, ukawatia katika siasa, na kabla ya uhuru wa mwaka 1961 ukavunjika. Miaka ya 1980 wakaja wataalamu wengine kwa njia nyingine: wakahimiza majani yanayozuia udongo na papo hapo yakamlisha ng'ombe zizini. Mkulima akaona maziwa. Na ngazi tulizozipita, nyingi zake, zasimama bila ya askari.

Mwenzangu alisikiliza, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu Lushoto. "Basi mke wangu ndiye serikali ya Kiingereza," akasema. "Kila siku huniamuru nile kidogo, nami kila siku huenda kula kwa siri." Nikamuuliza, "Na maziwa yako ni yapi?" Hakunijibu hapo.

Rangwi ni bonde la kijani lililozungukwa na migongo ya milima, lenye mashamba ya mahindi, maharage na viazi, migomba kando ya nyumba, na moshi wa jikoni unaosimama wima asubuhi kwa kukosa upepo. Wako masista wa Kikatoliki wenye makao yao hapo tangu zamani, nao hupokea wasafiri kwa wema. Nasi tulipokewa vivyo hivyo, tukapewa vyumba safi na maji ya moto, na kabla hatujauliza tukaonyeshwa upande wa kibla. Kwa Usambara kibla ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo, na kwa kuwa jua la Juni nalo huchomoza upande huo wa kaskazini ya mashariki, mgeni huweza kukosea kama hakuuliza. Waislamu ni wengi katika milima hii. Dini ilipanda kutoka pwani kwa njia za biashara tangu zama za Mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Vuga, aliyefariki mwaka 1862, na leo utasikia adhana katika mabonde ambayo gari halijafika. Watu wa dini hizi mbili huishi nyumba kwa nyumba na kuzikana.

Jioni tulialikwa na mzee mmoja, jamaa wa kijana wetu. Chakula kilikuwa makande, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, na mboga za majani na ndizi. Mwenzangu alipojipakulia mara ya tatu mzee hakusema neno, bali alimsogezea bakuli kwa ukarimu. Baada ya Isha wakazungumza. Mwenzangu akamwambia, "Babu, nyinyi mna bahati, miili yenu ni miepesi." Mzee akasema, "Mwanangu, si bahati. Shamba liko kule juu, maji yako kule chini. Ungezaliwa hapa nawe ungekuwa hivi. Lakini usitusifu sana. Wapo watoto hapa ambao wembamba wao si wa kusifiwa." Na kweli, asije msomaji akadhani kwamba naisifu dhiki. Wembamba wa njaa ni maradhi kama ulivyo unene wa shibe, na milima hii yaijua njaa. Kisha mzee akaongeza: "Na wajukuu zangu sasa wote hupanda bodaboda. Ngoja miaka ishirini."

Neno lile la mzee lina ushahidi. Mwaka 1989 Daktari Donald McLarty, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, pamoja na wenzake walitangaza uchunguzi wao katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta kwamba wenye maradhi ya sukari hawakufika mtu mmoja katika mia. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wazima ulikuta kiasi cha watu tisa katika mia. Na kwa wanawake wa umri wa uzazi, waliokuwa na uzito uliopita kiasi walikuwa asilimia 11 katika mwaka 1991–92, wakawa asilimia 28 katika mwaka 2015–16. Miili yetu haikubadilika katika muda wa kizazi kimoja. Kilichobadilika ni miguu yetu na vikombe vyetu.

Ama dini yetu, jambo hili haikuliacha. Imepokewa katika hadithi ya Al-Miqdam bin Maadikarib kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alilihesabu tumbo kuwa ni chombo kibaya kabisa kujazwa, akasema mwanadamu hutosheka na matonge machache ya kumsimamisha mgongo, na kama hana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Nilimtajia mwenzangu hadithi hiyo, akasema, "Naijua tangu chuoni. Naisomea wengine." Basi nikamtajia ile nyingine isiyosomwa sana: kwamba Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, alishindana mbio na Mtume katika safari, naye akiwa mwembamba akamshinda, kisha baada ya muda, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena, na mara hii Mtume ndiye aliyeshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni kwa ile. Tazama, ndugu msomaji, uzuri wa khabari hiyo. Mke ameongezeka mwili, yeye mwenyewe alisimulia bila ya kuona haya. Mume hakumkemea wala hakumtukana, bali alimwita wakimbie pamoja. Ni waume wangapi leo wanaowalaumu wake zao kwa unene, nao hawajapata kutembea nao hata mpaka mwisho wa mtaa?

Mwenzangu aliinyamazia khabari hiyo muda mrefu. Kisha akasema, "Nimejua maziwa yangu ni yapi. Nataka kusujudu. Hijja ni mara moja, na huenda nisijaliwe. Sijida ni kila siku." Wala sikuwa na la kuongeza.

Tukalala. Kabla ya alfajiri nikamsikia akijaribu, sakafuni, gizani, kuinuka kutoka sijida kwa kushika kitanda. Siku tatu za kutembea hazipunguzi mwili. Asije mtu akapanda Lushoto kwa kutumai atarudi mwembamba. Chakula cha jioni moja, na hasa makande ya mara ya tatu, hurudisha yote yaliyotumiwa mchana. Kinachopunguza mwili ni kidogo kidogo kinachodumu, na hilo nalo Mtume amelisema, kwamba amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu hata ikiwa ndogo. Wamarekani walilijaribu jambo hili kwa watu 3,234 ambao sukari zao zilikuwa mpakani, wakatangaza matokeo mwaka 2002. Waliotakiwa kupunguza asilimia saba tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa juma walipunguza khatari ya kuingia katika maradhi ya sukari kwa asilimia 58, na waliopewa dawa, kwa asilimia 31. Asilimia saba ya kilo 112 haifiki kilo nane. Nilipomfanyia hesabu hiyo njiani kwenda Mtae alisimama akaniuliza mara mbili kama sikukosea, maana siku zote alidhani ametakiwa kuwa kama vile alivyokuwa siku ya arusi yake, na kwa kuona hilo haliwezekani, hakuanza.

Tukafanya na hesabu ya nyumbani. Kwake, kama kwetu sote, khatari kubwa ni mwezi wa Ramadhani. Ajabu yetu ni kwamba twafunga mwezi mzima tukatoka na mwili zaidi, kwa kuwa mchana twauachia usiku deni: uji, muhogo wa nazi, kaimati, tambi, sharubati, na daku juu yake. Chai yake ya kawaida ilikuwa vikombe sita kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Vijiko kumi na nane, kabla hajala kitu. Akaazimia kuanza na hapo tu, wala asiguse wali wa mkewe kwa sasa, maana alijua kwamba akiugusa wali ataleta vita. Pili, kutembea baada ya sala ya Alfajiri kutoka Ngamiani hata Raskazone ufukweni na kurudi. Tatu, kufunga Jumatatu na Alkhamisi, kwa kufuturu chakula cha siku zote wala si cha Ramadhani. Juu ya hilo la tatu nilimsihi amwone daktari wake kwanza, na kila msomaji anayekunywa dawa za sukari au za presha namsihi vivyo hivyo, kwa kuwa dawa nyingine hazipatani na njaa.

Njia ya Rangwi kwenda Mtae ni ndefu, na mwisho wake mtu hutokea ghafula ukingoni mwa milima, nchi ikakatika chini ya miguu yake. Mbele kuna tambarare ya Mkomazi iliyolala kama mkeka, na ng'ambo milima ya Pare. Na siku yenye uwazi husemekana Kilimanjaro huonekana. Sisi hatukuiona, ukungu ulikuwa mwingi. Lakini kwa kuwa ukingo ule watazama kaskazini, mwenye kusali hapo huwa ameielekea kibla pamoja na tambarare yote. Tulisali Alasiri juu ya majani. Kiti hakikuwapo wala kigoda. Mwenzangu alisujudu kwa magoti yake mwenyewe, na katika kuinuka rakaa ya tatu alinishika bega, nami nikakaza shingo.

Asubuhi tulipanda basi liondokalo Mtae kabla ya mapambazuko.

Tangu hapo miezi minne imepita. Nilipompigia simu juzi aliniambia amepungua kilo tano, kisha mbili zikarudi katika arusi ya mpwa wake, kisha moja ikaondoka tena. Majirani wamekwisha kumuuliza ana nini. Husali bila ya kiti sala za Alfajiri na Isha. Adhuhuri, akiwa amesimama dukani tangu asubuhi, magoti bado hukataa. Zamu yake na ya mama yake ya kwenda Hijja haijatangazwa. Kaka yake huketi barazani humtazama akipita asubuhi, naye mkewe sasa hufuatana naye mpaka Raskazone, akiwa mbele yake hatua kadha. Aliniuliza kama njia ya Rangwi yapitika mwezi wa Desemba, kwa kuwa mkewe ataka kuiona. Nikamjibu kwamba wakati wa vuli udongo wa kule huteleza sana, wangoje Januari.